Usiniandikie Kwamba Hujambo

Mwanangu Festo,

Barua ninayoijua mimi, ile tuliyofundishwa darasani, inaanza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, sijui wewe uliye mbali. Hii siianzi hivyo. Kwanza wewe bado hujawa mbali, nakusikia huko chumbani unavyokoroma. Pili, hilo neno la uzima siku hizi naliogopa, na ndilo nataka nikueleze. Nisamehe mwandiko. Niliishia darasa la tano na mkono wangu umezoea mwiko kuliko kalamu.

Mambo ya kufua, kula kwa wakati, kutomwazima kila mtu sweta lako kwenye baridi ya Mbeya, hayo nimeyasema mpaka jana ukanijibu, "Mama, naenda chuo, siendi vitani." Nikacheka. Basi hayo nayaacha. Naandika lile ambalo nikikutazama usoni nashindwa kulisema.

Kesho basi lako litapita njia panda ya Rujewa. Unajua nilipogongwa, ila yaliyofuata huyajui vizuri. Wakati ule ulikuwa kidato cha tatu na mimi nilikuwa nakuficha.

Nilikuwa nimesimama kando ya barabara na magunia yangu ya mchele, nasubiri gari la kunirudisha huku Ipogolo. Pikapu ikaja inakwepa ng'ombe. Wale ng'ombe wa Usangu wanavuka barabara kama vile wameijenga wao. Dereva akapinda, akaacha lami, akaja upande wangu. Magunia ndiyo yaliyoniokoa, yalilipokea gari kwanza, mimi nikafuata. Ninachokumbuka ni mchele umemwagika kwenye vumbi nami nimelala chini naukusanya kwa kiganja. Watu wakanishika mabega.

"Mama, acha mchele! Mguu wako umegeuka!"

"Sijambo," nikawaambia, "sijambo mimi. Nisaidieni kuokota."

Ndivyo nilivyoanza, Festo. Mguu umegeukia upande na mimi sijambo.

Pale pale wakatokea wa kusema yaishe kienyeji, dereva aombe radhi, mama apelekwe dukani akanunuliwe dawa. Mimi ningekubali. Mjomba wako Zakayo ndiye aliyekataa. Alipofika alikwenda polisi siku ile ile akachukua ile karatasi yao ya PF3, akaileta hospitali, daktari akaijaza. Nilimwona anapenda makuu. Kumbe bila karatasi ile hata huko bima ya ile pikapu tusingekuwa na mlango wa kubisha.

Mwenye pikapu, Bwana Hamisi wa duka la mabati, sina baya la kumsema. Alikuja wodini na chai ya maziwa kwenye chupa na mikate, akakaa pale kitandani kama ndugu. "Pole sana mama. Unajisikiaje leo?" Nami nitamwambiaje mtu aliyetoka mjini na chupa ya chai? "Aah, Bwana Hamisi, nimeshapona mimi. Mungu mkubwa." Akafurahi. Baadaye bima walipomuuliza, akawaeleza alichokisikia, kwamba mama alimwambia amepona. Hakudanganya hata kidogo.

Mguu walinifunga plasta, kwa sababu mguu ulijisema wenyewe. Mfupa ulipigwa picha, kila mtu aliuona umevunjika chini ya goti. Lakini kiuno, mwanangu. Kiuno kiliuma tangu siku ya kwanza, wakati nimelala pale kwenye mchele, na hakionekani kwa macho. Nilimwambia mama wa kitanda cha jirani. Nilimwambia Mama Zuhura, jirani yetu, alipoleta uji. Daktari sikumwambia.

Unajua kwa nini? Si kwamba alikuwa mkali, angekuwa mkali pengine ningelia nikasema. Alikuwa kijana mzuri ana miwani, kila akipita asubuhi anainama kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Unaendeleaje?"

"Vizuri tu, nashukuru."

"Maumivu?"

"Ya kawaida tu, mwanangu. Na wewe umeamkaje? Unakunywa chai kweli? Umekonda."

Anacheka, anaandika, anaenda. Mimi nabaki najisikia nimemheshimu. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Bibi yako akiamkiwa kwa Kihehe, kamwene, hata kama anaungua moto atajibu kamwene kwanza, aulize na habari za watoto na za mifugo, ndipo aseme, samahani jamani, naungua. Mtu akikuuliza hali unampa njema. Shida zako unazitoa mwishoni, ukiwa umeshaketi, na kama nafasi ipo. Sasa pale wodini nafasi haikuwepo. Daktari alikuwa na kitanda kingine cha kwenda.

Hata niliporuhusiwa nikawa narudi kliniki, niliendelea vile vile. Tena nikaongeza. Fimbo niliyopewa ilinitia aibu. Niliona mwanamke wa umri wangu akishika fimbo amekwisha. Kwa hiyo nikishuka pale hospitali namwachia fimbo yangu yule mama muuza machungwa getini, halafu naingia nimekaza meno, naishika ile korido ukuta kwa ukuta, nikifika mlangoni kwa daktari naachia ukuta naingia kama bibi harusi. Siku moja yule mama wa machungwa akaniuliza, "Mama Festo, fimbo wanakupa wao, halafu unaenda kuwaficha wao?" Nikamwambia aangalie machungwa yake.

Basi ndani kule nako kalamu ilikuwa inafanya kazi.

Hapo nyumbani unakumbuka hali ilivyokuwa. Kubeba gunia siwezi, kuinama kupuliza moto siwezi, nikifua nakaa chini na kuinuka mpaka uje. Biashara ya mchele ikafa. Baba yako kule Chunya kila akipiga simu anasema "huku salama tu, mambo yatakaa sawa", na salama yake wote tulikuja kuijua ilikuwa na mke mwingine na watoto wawili. Ada ikawa hakuna. Ukaja ukasimama hapo mlangoni, ukasema, "Mama, nimepata kazi ya mashine ya mpunga Rujewa. Ni ya muda tu." Sikukuzuia. Nilisema moyoni, bima wakilipa, mtoto wangu anarudi shule. Nilichokuwa nakingoja ni hicho tu. Usidhani nilitaka kununua kitu.

Dada Salome, yule msaidizi wa sheria wa kata, ndiye aliyesimamia madai yangu. Alikuja hapa nyumbani akaniambia nimpe kila kitu cha hospitali. Nikatoa karatasi chini ya godoro, risiti zimekunjamana. Akauliza, "Na ile picha ya eksirei?" Akafuata macho yangu mpaka jikoni. Ile eksirei, Festo, si unakumbuka kioo cha dirisha kilivyovunjika? Nilikuwa nimeizibia dirisha. Upepo wa huku unaujua wewe. Ilikaa vizuri, tena ilikuwa inaleta mwanga kidogo. Salome akaibandua mwenyewe, akaifuta masizi kwa kanga yake, akaniaga kwa heshima. Ila baadaye, mguu wangu uliovunjika ukiwa kwapani kwake, alipofika nje nilimsikia anacheka peke yake.

Akaenda hospitali na idhini yangu, akapewa nakala za faili. Siku aliporudi hakuwa anacheka. Aliketi kwenye kile kigoda akanisomea.

"Mama Festo, sikiliza. Hapa ni siku uliyotoka wodini. 'Mgonjwa anasema anaendelea vizuri.' Hapa umerudi kliniki. 'Hana malalamiko.' Hapa tena. 'Hana malalamiko, anatembea bila msaada.' Hapa pia."

"Sasa dada, hapo nilikuwa nasalimiana naye."

"Yeye alikuwa anakuuliza."

"Aliniamkia shikamoo! Mtu akishakuamkia shikamoo utaanza kumtapikia mambo ya kiuno?"

"Kiuno kimo wapi, mama? Nimetafuta karatasi zote. Kiuno hakimo."

"Kimo humu," nikamwonyesha, nikajipiga kiunoni.

Akaniangalia kwa huruma. Akasema, "Watu wa bima hawatakuja hapa kukuona unavyoinuka. Wako ofisini. Wewe wanayemjua ndiye huyu aliyemo kwenye karatasi, na huyu hana malalamiko."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Huko mjini kuna mwanamke mwenye jina langu anatembea bila fimbo, analala bila kugeuka geuka, anainama atakavyo, na yeye ndiye anayedai. Nani amlipe mtu kama huyo? Hata mimi nisingemlipa.

Nikasema nirudi kwa daktari afute. Siku ile niliingia na fimbo yangu. Mama wa machungwa akapiga makofi. Daktari aliponiona akasimama.

"Shikamoo mama. Tangu lini una fimbo?"

"Tangu uliponipa wewe."

Nikamweleza yote, mpaka ukuta. Akavua miwani akaifuta. Akasema, "Mama, siwezi kufuta niliyoandika, wala siwezi kurudi nyuma nikaandika usichoniambia. Nikifanya hivyo karatasi zangu zote zitakuwa uongo, na za wagonjwa wengine pia. Ninachoweza ni kukupima leo nikaandika ya leo. Na mimi nilitakiwa nikuulize zaidi ya pale."

Halafu akaniuliza. Hakuuliza naendeleaje. Aliuliza usiku nalala upande gani na naamka mara nyingi au la. Aliuliza ndoo nabeba kwa mkono upi. Aliuliza chooni nachuchumaaje. Festo, niliona haya, yule kijana ni wa kuzaa mimi. Lakini nikamjibu, nashika ukuta, na siku nyingine nalia humo humo ili mwanangu asisikie. Akaandika polepole, kisha akanisomea alichoandika, akauliza, "Ni hivyo?" Nikasema ni hivyo. Machozi yakanitoka, na siku ile wala maumivu hayakuwa makali. Ilikuwa ni kusikia maneno yangu yamesomwa na mtu mwingine na ni ya kweli.

Salome alipeleka ripoti ile. Bima wakajibu. Mguu walikubali, kwa sababu mguu ulikuwa na karatasi zake tangu siku ya ajali, na ile eksirei ya jikoni. Kiuno walikataa. Waliandika kwamba hakuna popote panapoonyesha kiuno kiliumia siku ile, kwamba kimetajwa kwa mara ya kwanza muda mrefu baadaye, na kwamba mama wa kazi nzito kama mimi anaweza kuumwa kiuno kwa sababu nyingine. Salome alitaka tuendelee mahakamani. Akanieleza na jinsi tutakavyoulizwa, na daktari naye ataitwa asome yale ya "hana malalamiko" mbele ya watu. Nikaona nichukue kilichopo. Kilitosha kukurudisha shule. Kunirudisha mimi Rujewa kununua mchele hakikutosha, ndiyo maana unaniona na karanga zangu hapo stendi.

Na wewe mwaka ukawa umeshapita. Wenzako walikuwa mbele darasa zima.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Nimeshajihurumia vya kutosha, nimechoka. Wala simlaumu daktari, na hao wa bima nao wanasoma kilichoandikwa, watasoma nini kingine? Nakuandikia kwa sababu ya mambo mawili, na la kwanza ni dogo.

Unakwenda kusomea utabibu. Utakuwa wewe mwenye kalamu. Watakuja kwako kina mama kama mimi, watakuambia hawajambo, watakuuliza mama yako anaendeleaje huko Iringa na kwa nini umekonda. Wasalimie tu mwanangu, usiwakatishe, salamu ina utamu wake na pengine ndiyo dawa ya kwanza waliyopata siku hiyo. Ila zikiisha, usiandike salamu. Anza kuuliza upya. Uliza usiku wanalalaje. Waangalie na miguu wanapoingia, na ukutani wanaposhika. Na ukimaliza wasomee ulichoandika, hata kama foleni imefika getini.

La pili ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Jioni hii ulipokuwa unafunga sanduku, nilikuwa nakuangalia kutoka jikoni. Uliliinua kwa mkono wa kushoto. Wewe si mtu wa kushoto, Festo, mimi ndiye niliyekushikisha kijiko. Halafu nikakumbuka fulana yako mwaka ule ulipotoka Rujewa, nilipoifua nilikuta begani, upande wa kulia, pamechakaa na pana alama ya damu iliyokauka. Nilikuuliza kwenye simu mara ngapi, huko mashineni vipi? "Poa tu, mama." Magunia mazito? "Kawaida, mama." Na leo nimekuuliza tena, bega vipi? Ukanigeukia ukasema, "Poa tu, mama," ukatabasamu.

Tabasamu lile nalijua. Ni langu. Ndilo nililokuwa nampa daktari.

Kwa hiyo hukurithi miguu ya baba yako peke yake. Na mimi nimekuachia kitu, nilikufundisha bila kukufundisha. Kila ulipokuwa unanikuta nimeshika kiuno, nilikuwa naachia haraka, nasema sijambo. Wewe ulikuwa unaangalia, ukaona ndivyo mtu mzima anavyofanya.

Lile bega uliumia ukibeba magunia ya watu kwa sababu yangu. Pengine mwenye mashine alitakiwa kukutibu, sijui, sasa tutadai nini na kwa karatasi ipi? Hukwenda hata zahanati. Usiniambie ulikwenda, ningeona daftari la matibabu. Hilo la kudai limepita, tuliache. Lakini bega halijapita. Siku utakapomwinua mgonjwa kitandani litakukumbusha, na mtu atakuuliza limeanza lini, nawe utakuwa huna pa kuonyesha, kama mimi na kiuno changu.

Huko chuoni watawapima kabla hamjaanza. Naomba daktari akikuuliza, umwambie. Bega la kulia, magunia ya mpunga, mashine ya Rujewa, mwaka ule ulipoacha shule. Umwambie unashindwa nini, hata kama ni kuvaa shati. Na kama ni binti mzuri anayekupima, umwambie vile vile, usijifanye mwanajeshi. Hakikisha ameandika. Mwombe akusomee. Nakala uilete nyumbani nitaiweka pamoja na zangu kwenye ile bahasha ya kaki, siku hizi haikai chini ya godoro, na dirisha nimeziba kwa ubao.

Na mimi ukinipigia simu Jumapili, nitakuuliza hujambo. Nimeshazoea, siwezi kuacha, nikiacha utadhani nimekununia. Nijibu sijambo, tumalize hiyo, halafu nitakuuliza tena. Hiyo ya pili ndiyo ya kujibu. Kama una njaa, sema njaa. Kama umefeli, sema umefeli. Kama unalia usiku kwa sababu ya kitu ambacho hata wewe hukielewi, sema hivyo hivyo kilivyo. Mimi nitaogopa, unanijua, nitashika kichwa na kumwamsha Mama Zuhura. Lakini nitakuwa namwogopea Festo mwenyewe. Nimechoka kutulia kwa ajili ya kijana wa kwenye simu ambaye kila siku ni poa.

Ukifika njia panda usinitafutie mahali. Hapana alama yoyote, mchele wote uliliwa na kuku.

Sasa nifunge. Barua inataka mwandishi aseme hali yake, nami nitaisema kwa sababu siwezi kukuomba kitu nisichokifanya. Mguu unauma leo kwa ajili ya baridi, chini ya goti, pale pale. Kiuno kinauma tangu mchana nilipoosha masufuria yako ya safari, na nilikuambia nimekaa kupumzika, kumbe nilikuwa siwezi kuinuka. Naogopa barabara, naogopa Mbeya, naogopa nyumba itakavyokuwa kimya. Na nina furaha, Festo, furaha ambayo sijui niiweke wapi, ya mwanangu kwenda kuwa tabibu. Na hiyo pia iandikwe.

Kesho asubuhi, kabla hatujatoka kwenda stendi, nitakukuta mlangoni nikuulize lile bega. Unijibu mara ya pili.

Ni mimi mama yako.